Mtoto Mwenye Usonji: Majuma ya Kwanza Shuleni

Wazazi wengi wanaompeleka mtoto mwenye usonji shuleni kwa mara ya kwanza huwa wamengoja nafasi hiyo kwa muda mrefu. Kisha juma la pili likifika na mtoto bado analia langoni, wengine humrudisha nyumbani, na huko hukaa miaka. Makala haya yanaeleza njia ya kufika shuleni na kwa nini majuma ya kwanza huwa magumu.

Usonji ni nini?

Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua. Hauambukizi, si laana, wala hauletwi na chanjo au malezi mabaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Watoto hawa hawafanani. Mmoja hasemi kabisa, mwingine hurudia maneno aliyosikia. Wengi hutegemea sana ratiba isiyobadilika, na huumizwa na kelele, mwanga au mguso ambao sisi hatuujali.

Hatua ya kwanza: tathmini

Tathmini ya kielimu hufanywa katika vituo vya EARC, ambavyo vilianza nchini mwaka 1984. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, pia hufanya tathmini. Ripoti yake hueleza mtoto anaweza nini, anahitaji msaada gani, na shule ya aina gani inamfaa: ya kawaida, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, au shule maalum. City Primary, karibu na katikati ya jiji, ni shule ya kawaida ya umma yenye kitengo cha watoto wenye usonji. Upande wa magharibi, Dagoretti, ipo Shule Maalum ya Waithaka.

Mkazi ajue pia nani anasimamia nini. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Shule za msingi na shule maalum ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kwa hivyo, kwa mtoto wa chekechea, anza na kituo cha chekechea cha kaunti kilicho karibu nawe. Kwa shule maalum, nenda katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako.

Msajili mtoto pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, ambalo makao yake makuu yako barabara ya Waiyaki, Westlands. Usajili huo hutanguliwa na tathmini ya kimatibabu hospitalini.

Kwa nini siku za kwanza ni ngumu

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 6 anayeishi Kawangware na kusoma ng'ambo ya katikati ya jiji. Hadi jana, asubuhi yake ilikuwa uji, katuni na kucheza uani. Leo anaamshwa kabla ya jua kuchomoza, anavalishwa sweta inayomwasha shingoni, anapanda matatu nambari 46 yenye muziki wa juu, anashuka mjini penye honi na makanga wanaoita abiria, kisha anaingia katika chumba cha watu asiowajua. Kufikia hapo maji yamezidi unga. Akijitupa chini au kujiuma mkono, si utundu. Ameelemewa, na hana maneno ya kulisema hilo.

Kumchapa hakusaidii, na kwa mwalimu ni kosa: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inapiga marufuku adhabu ya viboko shuleni.

Mambo yanayosaidia

• Fanyeni safari kabla ya siku ya kwanza. Mpeleke Jumamosi kwa njia ileile, mfike langoni, mrudi. Rudieni mara mbili au tatu.

• Tumia picha. Piga kwa simu picha ya matatu, lango, darasa, mwalimu na nyumbani. Zipange kwa mfuatano na umwonyeshe kila asubuhi. Picha ya mwisho, ya nyumbani, ni muhimu kuliko zote: humwambia kwamba atarudi.

• Zoesha sare mapema. Ifue mara kadhaa ilainike, kata lebo ya shingoni, na umvalishe kidogo kidogo nyumbani.

• Fikiria chakula. Katika shule zinazofikiwa na Dishi na County, wanafunzi huvaa bangili ya kugusisha kwenye kifaa ili wapewe mlo. Mtoto asiyevumilia kitu mkononi aanze kuvaa kamba laini nyumbani. Mzoeshe pia kuonja kijiko kimoja cha chakula kinachopikwa shuleni.

• Ombeni saa chache mwanzoni. Saa mbili zinazoisha vizuri ni bora kuliko siku nzima inayoisha kwa kilio. Muongeze muda taratibu.

• Mwandikie mwalimu ukurasa mmoja: mtoto huonyesha vipi anataka choo, nini humtia hofu, nini humtuliza. Kisha muwe na daftari linalokwenda na kurudi kila siku.

• Linda usalama. Baadhi ya watoto hawa huondoka ghafla bila kuaga. Shona nambari yako ya simu ndani ya sare, na uulize shule nani husimamia lango.

Maendeleo na dalili za hatari

Katika majuma hayo mtoto anaweza kukosa usingizi, kukojoa kitandani au kunyamaza neno alilokwisha kulijua. Mara nyingi hayo hupungua kadiri anavyozoea. Lakini ukiona alama mwilini, hofu ya mtu mmoja mahususi, au kukataa kula kwa siku kadhaa, usingoje. Zungumza na mwalimu mkuu, na usiporidhika nenda katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Maendeleo yenyewe huja kimyakimya. Siku moja ataning'iniza mkoba wake bila kuambiwa. Siku nyingine atakaa mezani hadi mwisho wa mlo. Yaandike katika daftari, maana siku ngumu ikirudi utahitaji kuyasoma.

Sisi wengine pia tuna wajibu. Kondakta anaweza kupunguza muziki, na abiria anaweza kuacha kumkodolea macho mama ambaye mtoto wake anapiga kelele.

Kama una mtoto ambaye bado yuko nyumbani, chukua cheti chake cha kuzaliwa wiki hii, nenda katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, na uulize kituo cha tathmini kilicho karibu. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mtoto wako ni mmoja wao.