Mpira wa Wavu Garissa: Kwanza Afundishwe Mwalimu

Ikitajwa Garissa wengi wetu hukumbuka jua kali, ngamia, na mto Tana upitao kando ya mji. Ni wachache watakaokumbuka mpira wa wavu. Lakini jioni moja, baada ya sala ya alasiri, nilisimama kando ya kiwanja cha shule katika mji ule, nikaona miti miwili imesimikwa mchangani, wavu umefungwa baina yake, na wasichana kumi na wawili wamejistiri kichwa hadi miguu wanarushiana mpira kwa bidii ya kushangaza.

Mchezo huu unaifaa nchi ile kwa sababu zilizo wazi. Mpira wa kikapu wataka sakafu ngumu, maana mpira sharti udunde. Mpira wa wavu haugusi chini ila umekwisha kupotea, basi mchanga si kikwazo. Kiwanja chake ni mita 18 kwa 9 tu. Tena wavu huzitenga timu mbili, hapana kusukumana wala kugongana miili. William Morgan, aliyeubuni huko Holyoke, Marekani, mwaka 1895, aliutaka uwe mchezo usio na vurugu kwa watu wazima walioona kikapu kinawachosha. Bila shaka hakuwafikiria wazee wa Kisomali wa ukingoni mwa Tana, lakini ni kana kwamba aliwasikia.

Wanawake wa Kenya wameupandisha mchezo huu hadi kileleni. Walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 1991, wakarudia mara nyingi, na mwaka 2023 huko Yaoundé wakawashinda Wamisri katika fainali. Walikwenda Olimpiki mwaka 2000, 2004, 2021 na 2024. Je, ni lini tutamwona binti wa Garissa, Wajir au Mandera miongoni mwao?

Kikwazo kikubwa si mpira wala wavu, ni mwalimu. Novemba 2014 abiria wa basi lililotoka Mandera waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo walimu. Aprili 2015 ukaja msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo roho 148 zilipotea. Januari 2020 walimu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa. Kila mara walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi walifunga virago, na nani awezaye kuwalaumu? Mwalimu wa hesabu akiondoka, shule nzima hupiga kelele. Mwalimu wa michezo akiondoka hakuna anayelia; mpira huishiwa na upepo kabatini na mambo yakaisha hapo.

Ndiyo maana nilifurahi kumwona aliyekuwa akiwafundisha wasichana wale. Alikuwa mwalimu kijana, mzaliwa wa papo hapo, ambaye watoto walimwita "maalim," neno ambalo Wasomali na sisi wa pwani tumelirithi kutoka kisima kimoja.

"Mzee, mimi sikuwahi kucheza," aliniambia. "Najifunza ndipo nifundishe. Msichana akifika umri wa kujistiri, babake huuliza ni nani anayemfundisha. Akiambiwa ni mimi, hunyamaza."

"Na wakikuuliza jambo usilolijua, mwanangu?"

"Nasema Allahu aalam, kesho nitawajibu. Usiku nasoma."

Naam, na kusoma ni lazima, maana kanuni zenyewe hubadilika. Zamani pointi aliipata aliyeanzisha mpira peke yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kila mpira una pointi yake, seti huishia 25, na ya tano huishia 15. Wavu wa wanawake huwa mita 2.24, wa wanaume 2.43. Mwenye kufundisha kwa kumbukumbu za utotoni huwapeleka watoto mashindanoni wakiwa na sheria zilizokufa.

Mpango wake wa kufundisha ulinikumbusha chuoni. Hakuna mtoto anayepewa Yasini kabla hajazijua herufi na irabu. Vivyo hivyo, yeye haanzi na kupiga mpira kwa nguvu, ijapokuwa ndicho kila mtoto anachokitaka. Huanza na kusimama: miguu imeachana upana wa mabega, magoti yamekunjwa, uzito uko mbele. Kisha hufuata kupokea: mikono miwili imenyooka pamoja, mpira uguse baina ya kifundo na kiwiko, na nguvu itoke magotini, siyo kwa kutupa mikono. Halafu kupanga kwa ncha za vidole juu ya paji la uso, bila kuushika mpira. Kuanzisha hufundishwa kwa mkono wa chini kwanza, ili kila mtoto aweze kuuvusha wavu. Kuruka na kupiga huja mwisho kabisa.

Baada ya ufundi huja mbinu. Timu ina watu sita, watatu mbele na watatu nyuma, nao huzunguka kama mshale wa saa kila wanapoipata haki ya kuanzisha. Kwa hiyo hata mrefu wa timu hawezi kugandishwa wavuni. Zamu yake ya nyuma itafika, na mfupi atakwenda mbele. Kwa timu changa, maalim yule huweka wapangaji wawili, kila mmoja akimkabili mwenziwe katika mzunguko, ili daima mmoja wao awe mbele. Timu inaruhusiwa kuugusa mpira mara tatu tu: mmoja apokee, wa pili apange, wa tatu amalize. Kwetu washairi, mguso wa tatu ndio kituo cha ubeti. Ukiwa dhaifu, uzuri wote wa kwanza umepotea.

Mbinu iliyonivutia zaidi ni ya kuanzisha mpira kati ya wapokeaji wawili, kila mmoja adhani ni wa mwenziwe. Dawa yake ni sauti: mmoja apaaze "Wangu!" Maalim alisema hilo ndilo gumu kuliko yote kulifundisha. Binti aliyezoea kuinamisha kichwa mbele za watu hujikuta hapa akiambiwa apaaze sauti, maana akinyamaza, mpira huanguka.

Ama kuhusu mavazi, jambo hili lilikwisha kutatuliwa katika kaunti hiyo hiyo. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa waliokimbia vita Somalia. Wasichana wa huko walipenda mpira wa wavu, lakini mavazi yao marefu yakiwatega miguu. Mwaka 2006 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa na kampuni ya Nike walitoa vazi la michezo lenye sitara, baada ya kushauriana na wenyewe, na wanawake wa kambini wakafundishwa kulishona. Miaka 10 baadaye, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza mpira wa wavu wa ufukweni katika Olimpiki ya Rio akiwa na hijabu yake. Basi hoja ya nguo imekwisha kujibiwa.

Na hoja ya dini? Tumefundishwa kuwa Mtume, sala na salamu ziwe juu yake, alishindana mbio na Bibi Aisha, na safari ya kwanza mkewe ndiye aliyeshinda. Tumefundishwa pia kuwa muumini mwenye nguvu ndiye bora zaidi, ingawa wote wana kheri. Linalotakiwa ni sitara, mahali pa heshima, na kulinda saa za sala.

Nayasema haya kwa Garissa, lakini Lamu, Kwale na Mombasa wasikie pia, maana kwetu nako mabinti huacha mchezo siku wanapokosa mwanamke wa kuwafundisha. Chama cha mpira wa wavu cha dunia kina mafunzo ya makocha kwa daraja tatu. Kamati za shule na za misikiti zikichangia nauli ya mwalimu mmoja wa kike kwenda kusoma daraja la kwanza, faida yake itapita ya mipira 20. Mpira huchakaa, mwalimu aliyefundishwa hubaki, na akiwa mzaliwa wa papo hapo, habebi virago akaondoka.

Wabillahi taufiki.