Mtoto ana udata? Usikimbilie kumkata

Udata ni ile ngozi ya chini ya ulimi ikiwa fupi au ngumu, hivyo ulimi unabanwa na hauinuki vizuri. Mtoto huzaliwa nao.

Dalili za kuangalia kwa kichanga: anashindwa kushika titi, uzito hauongezeki, na chuchu za mama zinapata vidonda. Kama ananyonya na kukua vizuri, mara nyingi hahitaji kukatwa.

Mama asaidiwe kwanza namna ya kumweka mtoto kwenye titi. Ikishindikana, daktari huikata ngozi hiyo kwa mkasi maalumu, dakika chache tu, kisha mtoto ananyonyeshwa papo hapo.

Wembe wa nyumbani? Hapana. Unaweza kuleta damu nyingi na maambukizi.

Na aliyechelewa kuongea? Mara nyingi chanzo si udata. Apimwe masikio kwanza.