Msimulizi anapofariki hadithi haijaisha

Je, mtu aweza kumlilia marehemu ambaye hakupata kumwona? Ilitokea Septemba 16, 2007, alipofariki mwandishi wa Marekani, Robert Jordan wa Charleston, akiwa na umri wa miaka 58. Tangu mwaka 1990 alikuwa akitoa hadithi ndefu ya vita na uchawi iitwayo The Wheel of Time. Vitabu 11 vya mfululizo huo vilikwisha kutoka, vinene kama matofali, na mwisho ulikuwa bado.

Wapo waliomlilia mtu, na wapo waliolilia mwisho wa hadithi, ingawa hilo la pili nadhani wengi waliona haya kulikiri. Mimi siwalaumu. Aliyeanza kusoma akiwa shuleni sasa alikuwa mzazi.

Heri Jordan alijua kwamba anaumwa. Mwaka 2006 alitangaza kuwa ana maradhi ya moyo yasiyo ya kawaida. Basi akawasimulia jamaa zake yaliyobaki, akaacha na maandishi, pamoja na tukio la mwisho kabisa. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alisoma tanzia iliyoandikwa na mwandishi kijana, Brandon Sanderson, aliyevisoma vitabu hivyo tangu ujana wake. Akamkabidhi kazi. Kitabu kimoja kilichobaki kikazaa vitatu, na cha 14 kikatoka Januari 2013.

Wengine walinung'unika kuwa sauti si ya marehemu. Sanderson alikwisha kuwaambia mapema kwamba hakujaribu kuiiga.