Je, Wajua? Kilicho Nyuma ya Mshahara

Muulize mtu kazi yake inalipa kiasi gani, naye atakutajia mshahara wa mwezi, tena mara nyingi ule wa kabla ya makato. Hiyo tarakimu pekee haitoshi kulinganisha kazi mbili. Safari hii tunaangalia mishahara pamoja na kila kinachoandamana nayo: likizo, bima, pensheni, posho na malipo ya usiku.

Je, wajua kwamba wafanyakazi wawili wa Tanzania wenye mshahara mmoja hawakatwi sawa? Chukua watu wawili, kila mmoja analipwa shilingi 1,000,000. Wa sekta binafsi aliye kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kwa kawaida anakatwa asilimia 10, na mwajiri anaongeza asilimia 10. Mtumishi wa umma aliye PSSSF anakatwa asilimia 5 tu, na serikali inamwekea 15. Kwenye mfuko kila mmoja anaingiziwa 200,000, ila wa kwanza katoa nusu yake mfukoni na wa pili katoa robo.

Ukishaondoa na kodi ya PAYE, wa sekta binafsi anabaki na 797,000. Wa umma angebaki na 834,500, lakini anakatwa tena 30,000 za bima ya afya, NHIF, anaishia 804,500. Tofauti yao ni shilingi 7,500. Dogo hilo! Ila huyu wa pili ana kadi ya matibabu inayomhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne. Mwenzake, kama mwajiri hakumkatia bima, mtoto akipata homa usiku anatafuta fedha taslimu. Mimi ningeanza kulinganisha kazi hapo, kabla ya kuuliza mshahara.

Wajua kuwa mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi Tanzania Bara haukatwi PAYE hata senti? Na kwamba aliyesoma kwa mkopo wa HESLB anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe? Kwa wale wawili wa hapo juu hiyo ni 150,000 nyingine kila mwezi.

Likizo je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 28 za malipo kwa mwaka, Jumamosi na Jumapili zikihesabiwa humo humo. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inatoa siku 21, lakini ni siku za kazi. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki akipiga hesabu ataona Mkenya anapumzika wiki nne na siku moja, Mtanzania wiki nne kamili. Uzazi: Tanzania siku 84, zikipanda hadi 100 kwa aliyejifungua mapacha, Kenya miezi mitatu. Baba wa Kenya anapata wiki mbili. Wa Tanzania sheria inamtajia siku 3, na hizo ni chache mno kwa nyumba yenye mzazi na kichanga.

Wajua kwamba haki hizo za Tanzania hazimbagui dada wa kazi? Kisheria ana siku zake 28 sawa na meneja wa benki. Kwenye malipo ndipo wanapoachana. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha 60,000 kwa mwezi, wakati kampuni yenye leseni ya uchimbaji madini ilitakiwa isishuke chini ya 500,000. Shilingi 60,000 ni 2,000 kwa siku, kwa mtu anayeamka wa kwanza nyumbani na kulala wa mwisho. Chakula na malazi vina thamani yake, sikatai. Lakini hatumii chakula hicho kumsomesha mdogo wake kijijini.

Je, wajua kwamba kufanya kazi usiku kunamwongezea Mtanzania asilimia 5 tu? Sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi. Mlinzi anayelipwa 2,000 kwa saa anaongezewa 100 kwa kila saa ya kukesha getini. Saa za ziada ndizo zenye uzito: zinalipwa mara moja na nusu, na sikukuu inalipwa mara mbili.

Sasa tuje kwenye kikokotoo, yaani fomula ya kukokotoa mafao ya kustaafu, neno ambalo kila mwalimu anayekaribia miaka 60 analijua. Zamani mstaafu wa mifuko ya pensheni ya PSPF au LAPF alichukua nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Mwaka 2018 kanuni mpya zilitaka apewe asilimia 25, kelele zikawa nyingi, na Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya mwaka 2024/25 ikawapandisha hadi 40 wale waliozoea 50.

Tufanye hesabu yenyewe. Mtumishi ametumikia miaka 35, yaani miezi 420, na mshahara wa kukokotolea ni 1,200,000. Kwa fomula ya zamani, miezi yake ingegawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka, kisha kwa 15.5, na nusu yake ndiyo mkupuo: shilingi 86,800,000. Pensheni ya kila mwezi ingekuwa 466,667. Kwa fomula ya sasa kigawanyo ni 580, kizidisho ni 12.5, na mkupuo ni asilimia 40: shilingi 52,137,931, na pensheni ya mwezi 521,379.

Amepoteza zaidi ya milioni 34 za mkupuo na kuongezewa kama 54,700 kwa mwezi. Bila kuhesabu nyongeza za pensheni za baadaye, nyongeza hiyo itaifidia ile milioni 34 baada ya miaka 52 na miezi kadhaa. Aliyestaafu na miaka 60 inabidi afike 112. Serikali ilieleza kwamba mifuko isingehimili fomula ya zamani, na ni kweli pensheni inayokatika haimsaidii mtu. Hata hivyo aliyeajiriwa akiahidiwa nusu alipanga maisha kwa nusu: kiwanja kakinunua, msingi kaujenga, mabati akayasubirisha mkupuo. Kubadilisha hesabu mtu akiwa tayari ukingoni mwa utumishi ni jambo zito, na watumishi walikuwa na haki ya kulalamika.

Uganda wajua nini kilitokea kwenye ofisi za walimu mwaka 2022? Mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi. Wa masomo ya sanaa mwenye shahada hiyohiyo akabaki kwenye takriban milioni 1. Basi mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili wanakaa meza moja, wanasahihisha madaftari ya watoto walewale, na mmoja analipwa karibu mara nne ya mwenzake. Walimu waligoma Juni mwaka huo.

Na bado tuko Uganda: kima cha chini kilichowekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, hakijawahi kubadilishwa rasmi. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, rais hakuutia saini.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere aliwahi kujipunguzia mshahara? Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga sharti la kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, ambako wangelipwa asilimia 40 ya mshahara wao. Nyerere alikasirika. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao, naye akakata asilimia 20 ya mshahara wake mwenyewe, kutoka shilingi 5,000 kwa mwezi hadi 4,000, na mawaziri wakakatwa pia. Miezi michache baadaye Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kupokea mishahara miwili. Nyerere alipotathmini miaka 10 ya Azimio, alieleza kuwa pengo kati ya mtumishi wa juu kabisa na wa chini kabisa, baada ya kodi, lilishuka kutoka karibu 50 kwa 1 mwaka 1961 hadi karibu 9 kwa 1 mwaka 1976.

Kenya nayo ina kisa chake cha mwaka 2013. Tume ya Mishahara, SRC, iliwashusha wabunge kutoka zaidi ya shilingi 850,000 za Kenya hadi takriban 532,000. Wabunge wakagoma kukubali, na waandamanaji wakapeleka nguruwe mbele ya lango la Bunge. Hatimaye wabunge walikubali mshahara huo mdogo, pamoja na ruzuku ya milioni 5 ya kununulia gari. Mshahara ulishuka, marupurupu yakapanda.

Wajua kwamba Qatar, wanakokwenda vijana wetu wengi wa ulinzi na kazi za ndani, ilianza kima cha chini kwa wote Machi 2021? Ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi anaongeza 500, asiyetoa chakula 300. Anayesaini mkataba asome hapo kwa makini: "1,000 na kila kitu" na "1,800 ujitegemee" ni ahadi mbili tofauti.

Hapa nyumbani, madereva na makonda wengi wa daladala hawana mshahara kabisa. Jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Gari likilala gereji, nao wamelala. Bodaboda wa mkataba ni hivyohivyo, ila yeye ana tumaini kwamba akimaliza marejesho pikipiki itakuwa yake. Akivunjika mguu mwezi wa kumi, hesabu inaendelea kudaiwa.

Mwajiriwa aliyevunjika mguu kazini yuko mahali pengine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza mwaka 2015, unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi chochote. Akiwa nje kwa muda, mfuko unamlipa asilimia 70 ya mshahara, kwa hadi miezi 24. Wengi hawajui, na wanajitibu kwa michango ya ndugu huku haki yao ipo.

Na ukifukuzwa kazi Tanzania bila sababu ya haki, una siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60.