Mambo yakikwama usimtafute mchawi, mshike Mungu

Wewe kijana unayesoma haya ukiwa Keroka, Suneka au Kebirigo, huenda hali yako ni hii. Ulimaliza chuo, ukafuzu, wazazi wakachinja jogoo. Sasa ni mwaka wa tatu. Barua za kuomba kazi umetuma hadi umechoka, HELB inadai mkopo wake, na pikipiki unayobebea abiria si yako. Bonasi ya majani chai ambayo baba aliitegemea kulipa karo ya mdogo wako ilikuja ikiwa kidogo, maana wakulima wa huku magharibi mwa Bonde la Ufa hulipwa chini ya wenzao wa Mlima Kenya. Halafu, kama vile hayo hayatoshi, mama akaugua.

Hapo ndipo jirani anapoingia jioni, anavuta kiti, anakohoa kidogo na kukunong'onezea: "Kijana wangu, haya si ya bure. Kuna mtu."

Kuna mtu. Ni maneno mawili tu, lakini yameua watu hapa Gusii.

Mnamo Mei 2008, watu 11, wengi wao wanawake wakongwe, waliuawa na umati huko Kisii kwa madai kwamba ni wachawi. Nyumba ziliteketezwa. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Nchi nzima ilishtuka, viongozi wakakemea, kisha tukasonga mbele. Na wacha tuseme ukweli: umati wa namna hiyo haujazwi na wazee wa mikongojo. Hujazwa na watu wenye nguvu za kukimbia na kubeba mawe. Watu wa rika lako.

Cha kuumiza zaidi ni kwamba hili si eneo lisilojua kanisa. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Wasabato wakajenga kituo chao Nyanchwa muda si mrefu baadaye. Leo ukipita Nyamira siku ya Jumamosi utakuta barabara imejaa familia zinazoelekea Sabato, watoto wamevaa viatu vilivyong'aa. Kesho yake ni zamu ya Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste. Agosti ikifika, watu hujaa makambini kwa maombi.

Sasa inakuwaje mtu anayeimba kwaya Jumamosi aamini uvumi wa uchawi Jumatatu?

Jibu liko katika dhiki yenyewe. Mfa maji haachi kutapatapa. Ukiwa na shida isiyo na maelezo, roho inataka jibu leo, si kesho. Kumwamini Mungu ni kungoja, na kungoja kunauma. Mchawi ni jibu la haraka. Ana jina, ana nyumba, na kwa kawaida ni omong'ina mjane ambaye hana mtoto wa kiume karibu wa kumtetea, au mwenye shamba ambalo kuna mtu analimezea mate. Wakati mwingine ni mzee aliyepatikana nje usiku, hajui yuko wapi. Huyo hana uchawi. Huenda ana ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee kote duniani, na anayehitajika hapo ni daktari.

Chukua Biblia yako usome tena habari za Ayubu. Alipoteza mali, watoto na afya. Marafiki zake watatu walikuja, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hadi hapo walikuwa marafiki wa kweli. Waliharibu walipofungua midomo na kuanza kutafuta nani wa kulaumiwa. Mwishoni mwa kitabu, Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelia na kumuuliza maswali makali.

Hata wanafunzi wa Yesu waliwahi kuingia mtego huo. Walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua nani alitenda dhambi, ni yeye au wazazi wake. Yesu aliwaambia si yeye wala si wazazi, kisha akamhudumia yule kipofu. Swali lao lilikuwa "nani?" Yeye alishughulika na mgonjwa.

Basi kumtegemea Mungu wakati wa dhiki kunaanzia hapo. Lia kwake, lalamika kwake, muulize kwa nini. Hatachoka. Lakini ukitoka kwenye maombi, nenda kamhudumie aliye mbele yako. Mama ana homa? Mpeleke hospitali akapimwe, iwe ni malaria, shinikizo la damu au sukari. Na usidhani kwenda kwa daktari ni kukosa imani. Mjini Kisii kuna hospitali ya misheni ya Christamarianne. Kama dawa ingekuwa dhambi, kanisa lisingejenga hospitali.

Jihadhari pia na wale wanaouza majibu. Wengine wana vibuyu, wengine wana suti na kipaza sauti. Wapime hivi. Je, anakutajia jina la adui? Je, lazima utume pesa ndipo akuombee? Je, anakukataza dawa? Je, anakutenga na jamaa zako? Ukipata "ndiyo" hata moja, shika njia urudi nyumbani. Shakahola, kaunti ya Kilifi, ni mbali na Nyamira, lakini waliokwenda kule hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walikuwa na kiu ya Mungu, wakaambiwa wafunge hadi kufa. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa.

Najua utauliza: "Nimeomba na hakuna kilichobadilika. Sasa?" Ni swali la haki, na sitakudanganya. Imani haikuhakikishii kwamba Jumatatu utapigiwa simu ya kazi. Ayubu mwenyewe hakuwahi kuelezwa kwa nini aliteseka. Lakini imani inaweza kukuzuia usigeuke kuwa mtu ambaye kesho utamwonea aibu. Kazi ikichelewa, siku moja inaweza kuja. Mikono ikishamwaga damu ya bibi ya mtu, hairudi ilivyokuwa.

Tena usibebe mzigo peke yako. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, kwa hiyo mtafute mmoja kanisani, kwenye chama au pale stendi ya bodaboda, umwambie ukweli kwamba umelemewa. Ikiwa mawazo yamefika mahali unaona heri kufa, sema leo. Laini ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199, na kupiga ni bure. Kuomba msaada si aibu wala si kukosa imani. Eliya, nabii mzima, alikaa chini ya mti akamwomba Mungu afe. Hakukemewa. Alipewa mkate na maji, akaachwa alale.

Na yule omong'ina wanayemsema kijijini, anayeishi peke yake kule chini karibu na mto? Mpelekee mboga au mzigo wa kuni. Kaa naye dakika kumi, mchana, watu wakiona. Umati huogopa kumgusa mtu anayejulikana ana wake.

Jirani akirudi tena jioni na kunong'ona kwamba kuna mtu, mwambie: "Ni kweli, kuna mtu. Ni mama, anaumwa. Nisaidie tumpeleke hospitali."