Baridi ya Juni nyumbani kwa mfumaji: uzi, rangi na jiko moja

Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu hukaa juu ya Kinangop, Ol Kalou, Limuru na Molo hadi saa za mchana. Upande wa Tanzania, wakazi wa Makete huamka asubuhi nyingine wakakuta umande umeganda majanini. Huu ndio msimu ambao mfumaji wa masweta hupata wateja wengi. Pia ndio msimu ambao kazi yake huwa ngumu kuliko wakati mwingine wowote: uzi haukauki, kuni ni mbichi, na nyumba nzima inagombea jiko moja.

Wasikilizaji wetu wanaofuma na kutia uzi rangi nyumbani huuliza maswali yaleyale kila mwaka. Kwa nini rangi imetoka baada ya kufua? Kwa nini uzi umejikunja ukawa kama blanketi? Je, ni salama kuanika uzi kando ya jiko usiku? Katika makala haya tunaeleza jambo moja baada ya jingine.

Baridi hii inatoka wapi?

Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Kinachotuletea baridi ni mambo mawili. La kwanza ni mwinuko. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya Kinangop iko juu ya mita 2,400.

La pili ni upepo na mawingu. Mwezi Juni ni majira ya baridi kusini mwa dunia. Upepo wa kusi huvuma kutoka huko, ukapita Bahari ya Hindi na kubeba unyevu. Ukifika kwenye miinuko ya Kenya, unyevu huo hugeuka mawingu mazito ya chini yanayoziba jua siku nzima. Njombe na Makete hali ni tofauti kidogo: ni kiangazi, anga la usiku liko wazi, na joto la ardhi hupaa likapotea kabla ya alfajiri.

Kwa mfumaji, tofauti hii si ndogo. Wa Makete huumia usiku lakini mchana ana jua la kukaushia. Wa Kinangop anaweza kukaa wiki nzima bila kuona kivuli chake.

Kwanza, jua uzi wako

Uzi mwingi unaouzwa madukani kwa jina la sufu si sufu ya kondoo. Ni akriliki, uzi wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli. Akriliki haishiki rangi za mimea hata ukiichemsha siku nzima. Mtu akinunua kilo mbili za uzi huo kwa fedha za kikundi, kisha akauchemsha na maganda ya vitunguu, amepoteza kuni na siku yake.

Jipime kabla ya kununua kwa wingi. Chukua kipande cha uzi chenye urefu wa kidole, ukishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, ukiwashe. Sufu ya kondoo huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na huacha majivu yanayosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Usiguse kidonge hicho kikiwa cha moto.

Sufu ina faida inayoonekana zaidi wakati wa baridi. Nyuzi zake zimejikunja, kwa hiyo huhifadhi hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo inayomkinga mtu na baridi. Tena inaweza kunyonya unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaihisi kuwa imelowa. Mtoto anayetembea kwenda shule katika manyunyu anafaidika sana na jambo hilo.

Shabu ndiyo inayoshikisha rangi

Rangi nyingi za mimea hazishiki vizuri zenyewe. Huhitaji kitu cha kuziunganisha na sufu, na cha kawaida na salama zaidi kwa kazi ya nyumbani ni shabu, yale mawe meupe yanayotumika kutulizia maji yenye tope.

Kipimo ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa uzi mkavu. Kwa nusu kilo ya uzi, tumia gramu 50 hadi 75 za shabu. Ukizidisha sana, uzi hukakamaa na kunata mikononi.

Osha uzi kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, kisha uloweke usiku kucha. Saga shabu, iyeyushe katika maji ya moto, ongeza maji ya kutosha kufunika uzi, utumbukize uzi ukiwa bado umelowa. Pandisha moto polepole kwa muda wa saa moja hadi mvuke utoke, lakini maji yasitokote. Acha hapohapo kwa saa moja nyingine, kisha ipua na uache upoe wenyewe.

Rangi kutoka jikoni na shambani

Maganda makavu ya vitunguu ndiyo mwalimu mzuri wa anayeanza. Hutoa manjano hadi rangi ya machungwa iliyoiva, na rangi hiyo hushika vizuri. Ukitaka rangi kali, tumia maganda yenye uzito sawa na uzi. Kwa kuwa maganda ni mepesi, nusu kilo ni gunia zima. Anza kuyakusanya mapema, na uwaombe wauza vitunguu sokoni na wenye hoteli wasiyatupe.

Kokwa na maganda ya parachichi hutoa waridi hadi kahawia nyepesi. Maua ya marigodi hutoa manjano angavu. Magome ya muwati, mti unaojulikana sana Njombe na pia katika miinuko ya Kenya, yana tanini nyingi na hutoa kahawia. Maji ya misumari yenye kutu, yakitiwa kidogo mwishoni, hufanya rangi yoyote kati ya hizi iwe nyeusi zaidi. Yakizidi, hudhoofisha uzi.

Usidanganywe na kila kinachotia mikono doa. Maji ya bitiruti hupendeza sufuriani lakini hutoka haraka. Bizari ya manjano hushika, ila hupauka juani.

Chemsha maganda au magome kwa saa moja, chuja, acha maji yapungue moto, ndipo utie uzi. Upashe moto polepole kwa dakika 45 hadi 60, kisha uache upoe humo humo. Sufuria ya rangi isipikiwe chakula tena, hata ukiisugua. Nunua ya mtumba, uitie alama, na uiweke mbali na vyombo vya watoto.

Maji baridi huharibu kazi ya siku mbili

Hapa ndipo baridi inapowaumiza wafumaji wengi. Unywele wa sufu una magamba madogo mno. Ukipatwa na joto na baridi ya ghafla, au ukisuguliwa, magamba hayo hushikana na hayaachani tena. Uzi hufupika na kuwa mzito, na haufumiki.

Asubuhi ya Julai maji ya tangi ni baridi ya kuuma meno. Mtu anatoa uzi wa moto sufuriani, anautumbukiza katika ndoo hiyo, na kazi imeharibika. Subiri upoe kabisa, hata kama ni hadi kesho yake, na maji ya kusuuzia yawe na joto linalokaribiana na la uzi. Kamua kwa kubinya. Usipindishe wala kusugua.

Maji ya mvua ni mazuri kwa kazi hii kwa sababu hayana chumvi nyingi. Lakini yakitoka kwenye mabati yaliyoshika kutu, rangi angavu hufifia. Acha mvua ya mwanzo ioshe paa, kisha ukinge.

Usilale na jiko

Uzi wa nusu kilo ukitolewa majini katika wiki ya ukungu unaweza kuchukua siku tatu au nne kukauka. Mteja anapiga simu. Watoto wanahisi baridi. Ndipo mtu anapoona njia rahisi: kuingiza jiko la makaa chumbani, kufunga dirisha, na kutundika uzi juu ya vitanda hadi asubuhi.

Njia hiyo huua. Makaa yakiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haikohozeshi kama moshi. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi mzito. Aliyelala hatazitambua. Makaa yaliyofifia na kufunikwa majivu bado hutoa gesi hiyo.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, watoe na wengine wote, na umpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu.

Zipo njia nyingine za kukausha. Viringisha uzi ndani ya taulo au kitambaa kikavu, kikanyage kwa miguu, na urudie kwa kitambaa kingine. Maji mengi hutoka kwa njia hiyo. Kisha utundike kwenye baraza, chini ya paa, mahali upepo unapopita. Jikoni utundike mchana tu, mlango ukiwa wazi, mbali na ndimi za moto. Ugeuze asubuhi na jioni, na usiufungie ndani ya mfuko ukiwa na unyevu, kwa maana utaota ukungu.

Nyumba moja, kazi nyingi

Katika nyumba nyingi za wafumaji, jiko la mchana ni la chakula. Rangi husubiri hadi ugali umeshaliwa, na hilo si baya: moto uliopungua ndio hasa unaofaa sufu. Watoto wakirudi shuleni husaidia kukunja uzi kuwa madonge. Usiku sindano huendelea chini ya taa ya sola. Ni vizuri kusimama kila baada ya nusu saa, kunyoosha vidole na shingo, na kupaka mafuta mikono iliyopasuka kwa maji baridi.

Kwa sababu kazi hii hufanyika kati ya shughuli nyingine, wengi hawaihesabu wanapopanga bei. Tutoe mfano, na namba hizi ni za mfano tu. Sweta la mtoto limetumia uzi wa shilingi 600, shabu na kuni za 150, na vifungo vya 50. Jumla ni shilingi 800. Saa za kutia rangi na kufuma ni 20. Likiuzwa kwa shilingi 1,200, mfumaji amebaki na 400, yaani shilingi 20 kwa saa. Akitaka walau 50 kwa saa, bei ni 1,800.

Sweta la mtumba sokoni litakuwa rahisi zaidi, na mteja atalitaja. Usishindane nalo kwa bei. Mwonyeshe sufu halisi, rangi isiyotoka, na kipimo cha mwili wa mtoto wake. Omba malipo ya awali yanayotosha gharama ya uzi, na mwandikiane hata kwa ujumbe wa simu, ili atakayebadili nia asikuachie deni.

Kalenda inayosaidia

Wengi huanza kutia rangi Juni, oda zinapoingia. Wakati huo jua limeshakwenda. Afadhali ukusanye maganda kuanzia mwishoni mwa mwaka, utie rangi Januari na Februari ambapo jua ni la uhakika katika miinuko ya Kenya, na uhifadhi madonge makavu ndani ya kasha lisilopitisha nondo. Kwa wa Njombe na Makete, ambako Januari ni masika, Mei unafaa zaidi, mvua zikishakatika.

Baridi ikiingia, iwe imebaki kazi ya kufuma. Hiyo inaweza kufanyika karibu na mlango, kwenye mwanga, bila ndoo ya maji ya barafu na bila jiko chumbani usiku.