Koleo la Kwanza

Seremala hununua msumeno na mshoni hununua cherehani, wala hapana awezaye kuwalaumu, kwa kuwa makali ya zana zao hayatoki katika fani zao. Bali mhunzi, kwa asili ya kazi yake, moto ule ule unaomfulia mteja jembe waweza kumfulia yeye mwenyewe nyundo, koleo, tindo na patasi. Fadhila hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na wengi, na nimekusudia kuieleza kwa watu wasiopata kusimama karibu na kiwanda cha mhunzi, kwa sababu naamini ya kwamba uhunzi hustawi pale mafundi wanapojifulia zana zao na kuoneshana kazi zao bila ya kinyongo, na hudhoofu pale kila mmoja anapoifungia siri yake kifuani.

Fani hii si ngeni kwetu. Sharifu al-Idrisi, aliyemwandikia Mfalme Roger wa Sicily kitabu cha jiografia kilichotimia mwaka 1154, alitaja kuwa watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa katika biashara yao. Na huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wazee waliowahi kuyeyusha mawe ya chuma walijenga tanuri upya katika miaka ya 1970 mbele ya watafiti, na katika chuma walichokitoa ikapatikana feleji. Wengi katika mafundi wa kale walianza na jiwe kuwa nyundo na jiwe kuwa fuawe, na kwa mawe hayo wakafua nyundo ya chuma, ambayo nayo ikazaa zana nyingine bora kuliko yenyewe.

Hapa huzuka suala ambalo kila mwanafunzi mwenye akili huliuliza: ikiwa chuma chekundu hakishikiki ila kwa koleo, koleo la kwanza lilishikwa kwa nini? Jawabu ni nyepesi, nayo yapendeza. Mtu akichukua nondo mbili nene, zenye urefu wa karibu mkono mzima, aweza kuzishika kwa kiganja chake mwisho mmoja ilhali mwisho wa pili umeiva motoni, kwa kuwa chuma hakipitishi joto upesi kama shaba. Na maadamu hakati kipande mpaka kazi ya kichwani imekwisha, urefu wenyewe wa nondo ndio koleo lake. Huanza kwa kuilaza ncha ukingoni mwa fuawe na kuipiga mpaka iwe taya bapa; kisha huigeuza robo ya mzunguko, akaponda bega ambalo ndilo litakalotobolewa; kisha hugeuza tena na kuurefusha mpini mpaka uwe mwembamba wa kukaa vizuri mkononi.

Katika hatua hii ndipo wanafunzi wengi hukosea. Hudhani kwamba nusu mbili za koleo hutofautiana kama mkono wa kulia na wa kushoto, kumbe sharti zifanane kabisa, zote zigeuzwe upande ule ule, na kupandana kwake ndiko kunakozipa sura ya kuelekeana. Aliyezifua kwa kuzikabilisha atazipandanisha asubuhi nzima bila ya kupata koleo. Ribiti nayo hupigwa ikiwa moto, na kwa sababu hiyo koleo jipya hukaza lisifunguke. Dawa yake ni kulipasha kiungo kizima, kisha kulifungua na kulifumba, kulifungua na kulifumba, huku likipozwa majini, mpaka lizoee.

Juu ya fuawe na moto sina haja ya maneno mengi. Kipande cha reli ya treni chatosha kuwa fuawe, na ni bora kisimamishwe wima kuliko kulazwa, kwani kikisimama nyundo hukuta uzito wote chini yake. Na makaa ya mti mgumu, yakipulizwa na mivukuto miwili ya ngozi inayopokezana kupitia kewa la udongo, au na feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, yanatoa joto la kutosha. Hadhari moja ni lazima: chuma kilichopakwa zinki, mfano wa mabati na baadhi ya mabomba ya maji, kisitiwe motoni kamwe, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Ustadi wenyewe hudhihirika katika tindo. Springi ya gari kuukuu ina takriban sehemu 6 za kaboni katika 1,000, nayo yafaa sana, lakini kwanza hupashwa na kuzikwa katika majivu ipoe polepole, iwe laini kwa tupa. Umbo likikamilika, ncha hupashwa mpaka sumaku iache kuivuta, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za sentigredi, ikazidishwa kidogo, ndipo ikazamishwa katika mafuta. Sasa ni ngumu kiasi cha tupa kuteleza juu yake, ila ugumu huo umefungamana na udhaifu, na pigo moja laweza kuivunja. Basi fundi huisugua ing'ae, akaipasha taratibu upande wa nyuma, naye ametulia kivulini, kwani juani rangi hudanganya, akizitazama zikitembea kuelekea makalini: njano, kahawia, zambarau, buluu. Kisu husimamishwa kwenye njano, karibu na nyuzi 220. Tindo ya kukatia chuma baridi hungoja zambarau, karibu na nyuzi 280. Upande unaopigwa nyundo huachwa laini, kwa sababu ukiwa mgumu hurusha vigae, na kigae kimoja chatosha kupofua jicho.

Maarifa ya namna hii hayapatikani kwa mtu mmoja kujifungia. Pale Kamukunji, Nairobi, mafundi wa jua kali hufanya kazi bega kwa bega, na kijana aonaye jirani yake anavyokunja bati amekwisha soma bila ya ada. Wamarekani nao, walipoona uhunzi wao unakaribia kutoweka, waliunda chama mwaka 1973, na katika mikutano ya wahunzi wao fundi mmoja hufua mbele ya wenzake, huku zana zilizofuliwa na wanachama zikitolewa kwa kura ili mapato yalisaidie kundi. Wanaodhani kuwa kufundisha ni kujinyima riziki nawaomba wafikiri upya, kwani kijiji chenye wahunzi wanne wanaoazimana makoleo hupokea kazi ambazo mhunzi mmoja hangethubutu kuzikubali.

Na aoneshaye zana yake aeleze yote: chuma kilitoka katika kitu gani, kilizamishwa katika mafuta au maji, kilisimamishwa kwenye rangi ipi. Iliyovunjika nayo iletwe, pamoja na vipande vyake, kwa maana mvunjiko husomeka: punje kubwa zinazometameta ni ushahidi wa moto uliopita kiasi, na punje laini za kijivu ni ushahidi kwamba moto ulikuwa wa kadiri, na kosa litafutwe kwingine.